Madrid usiku: Mitaa ya baa, desturi zake na mvutano wa usingizi

Na Mwandishi Wetu

KWA wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, jina la Madrid huja pamoja na mpira wa miguu: jezi nyeupe za Real Madrid, mistari myekundu ya Atlético na usiku wa Ligi ya Mabingwa. Lakini shabiki anayefunga safari hadi mji mkuu huo wa Hispania hugundua upesi jambo jingine. Mechi iliyoanza saa tatu usiku humalizika karibu saa tano, na wakati huo, ambapo miji mingi imekwisha kuzima taa, wapo watu wengi Madrid ambao ndiyo kwanza wanaketi mezani kula chakula cha jioni.

Wenyeji wa mji huo wana lakabu ya tangu kale. Huitwa "gatos", yaani paka. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 11, jeshi la Mfalme Alfonso VI wa Castilla lilipouteka mji huo kutoka kwa Waislamu, askari mmoja aliuparamia ukuta wa ngome kwa wepesi wa paka. Iwe ni kweli au ngano, jina limedumu, na leo wengi hulipa maana nyingine: watu watembeao usiku.

Makala haya yanaeleza mitaa mikuu ya baa na starehe katikati ya Madrid, historia yake, desturi zinazoiongoza, na mvutano ambao haujapata suluhisho hadi leo kati ya wanaotaka kukesha na wanaotaka kulala.

Kwa nini Madrid huchelewa kulala

Madrid ilianza katika karne ya 9 kama ngome iliyojengwa kwa amri ya Emir Muhammad I wa Córdoba, na jina lake la awali lilikuwa Mayrit. Mwaka 1561 Mfalme Felipe II alilihamishia baraza lake hapo, na tangu wakati huo, isipokuwa kwa kipindi kifupi mwanzoni mwa karne ya 17, mji huo umekuwa makao makuu ya utawala wa Hispania. Athari ya Waarabu haikufutika katika lugha. Msomaji wa Kiswahili anayeketi kwenye kaunta ya baa ya Madrid na kuletewa "aceitunas" hana haja ya kamusi ndefu, kwani neno hilo na zeituni yetu yana asili moja. Vivyo hivyo "azúcar" na sukari.

Sababu moja ya kuchelewa kwa usiku wa Madrid ni saa yenyewe. Kijiografia, mji huo uko magharibi ya mstari wa Greenwich, hivyo kwa mwendo wa jua ungestahili kufuata saa za London. Lakini mwaka 1940 serikali ya Jenerali Francisco Franco ilisogeza saa za nchi mbele ili zilingane na za Ulaya ya kati, na hazikurudishwa tena. Matokeo yake, mwishoni mwa Juni jua huzama Madrid karibu saa nne usiku. Si ajabu basi kwamba chakula cha mchana huliwa saa nane au tisa alasiri, na cha jioni saa tatu na nusu au saa nne usiku.

Sababu nyingine ni hali ya hewa na makazi. Wakati wa kiangazi joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, na watu hungoja jioni ipoe ndipo watoke. Aidha, wakazi wa katikati ya mji huishi katika majengo ya ghorofa yenye vyumba vidogo, hivyo wageni hawaalikwi sana nyumbani. Rafiki hukutana na rafiki baa. Kwa sababu hiyo baa ya Madrid si mahali pa kulewa tu. Ni mkahawa wa asubuhi, mgahawa wa mchana, ukumbi wa kutazamia mpira na baraza la majirani, na si jambo la ajabu kumwona bibi wa miaka themanini akinywa kahawa kando ya vijana wanaokunywa bia.

Utaratibu wa usiku mmoja

Usiku wa Madrid una ngazi zake, na mgeni asiyezijua hujikuta katika kumbi tupu. Kati ya saa mbili na saa tatu usiku, watu hukutana kwa "caña", glasi ndogo ya bia ya kumimina, ambayo kwa kawaida haifiki robo lita. Udogo huo una maana: bia hunywewa ingali baridi, kisha watu husogea baa nyingine. Kinywaji mara nyingi huja na kitafunwa kidogo ambacho hakilipiwi, labda zeituni, viazi vya kukaanga au kipande cha mkate chenye kitu juu yake. Hiyo ndiyo "tapa". Sahani kubwa zaidi ya kugawana huitwa "ración", nayo hulipiwa.

Chakula cha jioni hufuata, na baada yake, kuanzia saa sita, huja zamu ya vinywaji vikali vilivyochanganywa na soda au maji ya toniki. Kumbi za dansi huanza kujaa saa nane usiku. Kwa kanuni za mkoa wa Madrid, baa za kawaida hufunga karibu saa nane usiku, baa maalumu za vinywaji karibu saa tisa, na kumbi za disko karibu saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na nyongeza ndogo za mwisho wa wiki.

Wanaotoka kwenye dansi alfajiri wana desturi ya kumalizia kwa "chocolate con churros". Churros ni mithili ya maandazi marefu membamba yaliyokaangwa, nayo huchovywa katika kikombe cha chokoleti nzito kama uji. Duka mashuhuri zaidi kwa kitafunwa hicho ni San Ginés, lililoko uchochoroni karibu na uwanja wa Puerta del Sol, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1894.

Malipo kwa kawaida hufanywa mwishoni, si kila kinywaji kinapoletwa, ingawa kumbi za usiku hudai fedha papo hapo. Marafiki hununuliana kwa zamu, kila mmoja na mzunguko wake. Bakshishi si lazima. Wengi huacha sarafu chache tu.

La Latina: Jumapili ya vitafunwa

Mtaa wa La Latina uko kusini magharibi ya uwanja mkuu wa kale, Plaza Mayor. Jina lake linatokana na lakabu ya Beatriz Galindo, mwanamke msomi aliyemfundisha Kilatini Malkia Isabel wa Castilla. Barabara yake mashuhuri, Cava Baja, inafuata njia ya handaki lililokuwa nje ya ukuta wa mji wa zamani. Kwa karne kadhaa ilikuwa barabara ya nyumba za wageni, ambako wachukuzi wenye nyumbu walilala walipoleta mazao kutoka mashambani. Leo milango iliyopitisha nyumbu hupitisha walaji, na baa zimepangana bega kwa bega pande zote mbili.

Siku ya La Latina ni Jumapili. Asubuhi hufanyika El Rastro, soko kubwa la mitumba na vikorokoro linaloteremka kutoka uwanja wa Cascorro. Soko likifungwa alasiri, umati hupanda kwenda kwenye baa kunywa bia au "vermut", mvinyo uliotiwa viungo na mimea michungu. Katikati ya Agosti, wakati wakazi wengi wamekwenda likizo, mtaa huo huadhimisha sikukuu ya Bikira wa La Paloma kwa muziki na dansi barabarani.

Hapa ndipo mgeni wa Dar es Salaam au Mombasa atakutana na jamaa wa mbali wa chakula cha nyumbani. "Tortilla" ya Hispania si chapati ya mahindi ya Mexico, bali ni kimanda kinene cha mayai na viazi, ndugu wa chipsi mayai. Karibu na Plaza Mayor huuzwa mkate uliojazwa ngisi wa kukaanga, jambo la kushangaza katika mji ulio mamia ya kilomita kutoka baharini. Na katika Casa Labra, baa iliyofunguliwa mwaka 1860 karibu na Puerta del Sol, chakula mashuhuri ni "bacalao", samaki anayehifadhiwa kwa chumvi kama ng'onda wetu. Katika baa hiyo hiyo, Mei 2, 1879, kikundi kidogo cha wafanyakazi na wasomi kilikutana kwa siri kikaanzisha Chama cha Kisoshalisti cha Hispania, ambacho kimeongoza serikali ya nchi hiyo mara kadhaa.

Huertas: Walikoishi waandishi

Mashariki ya Puerta del Sol kuna mtaa wa Huertas, uitwao pia Mtaa wa Fasihi. Miguel de Cervantes, mwandishi wa Don Quijote, aliishi na kufariki hapo mwaka 1616, na alizikwa katika nyumba ya watawa iliyo jirani. Mshindani wake, mtunzi wa tamthilia Lope de Vega, aliishi mitaa michache tu kutoka hapo. Kwa kejeli ya historia, nyumba ya Lope de Vega, ambayo sasa ni makumbusho, iko katika barabara iliyopewa jina la Cervantes. Maneno ya waandishi wa zama hizo yameandikwa kwa herufi za rangi ya dhahabu kwenye sakafu ya barabara ya Huertas, na kila usiku hukanyagwa na maelfu ya miguu.

Kitovu cha mtaa huo ni uwanja wa Santa Ana, uliozungukwa na baa zenye meza nje. Mojawapo, Cervecería Alemana, ilifunguliwa mwaka 1904 na ilipendwa na mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway. Huyo alipenda baa nyingi za Madrid, ikiwamo Chicote iliyofunguliwa mwaka 1931 katika barabara ya Gran Vía. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1936 hadi 1939, Gran Vía ilikuwa ikipigwa mizinga, na waandishi wa habari wa kigeni walikunywa hapo kati ya shambulio moja na jingine.

Kwa sasa Huertas ni mtaa wa watalii kuliko mitaa mingine yote ya baa. Vijana husimama njiani wakigawa vikaratasi vya kinywaji cha bure ili kuwavuta wapita njia. Mwenyeji mzoefu huvipokea kwa adabu, akaendelea na safari yake.

Malasaña: Mtaa ulioamka baada ya Franco

Hakuna mtaa wenye historia nzito ya usiku kama Malasaña, kaskazini ya Gran Vía. Jina lake ni la Manuela Malasaña, msichana mshonaji aliyeuawa siku ya maasi ya Mei 2, 1808, wakazi wa Madrid walipoinuka dhidi ya majeshi ya Napoleon. Uwanja wa katikati ya mtaa unaitwa Dos de Mayo, kwa kumbukumbu ya siku hiyo.

Franco alifariki Novemba 20, 1975, baada ya kutawala kwa mkono wa chuma kwa karibu miaka 40. Vijana waliokulia chini ya udhibiti wa vitabu, filamu na mavazi walijikuta ghafla na uhuru wasioujua. Katika baa za Malasaña, kama vile El Penta iliyofunguliwa mwaka 1976 na La Vía Láctea ya mwaka 1979, na katika ukumbi wa Rock-Ola uliokuwa sehemu nyingine ya mji, ndipo lilipochipuka vuguvugu lililoitwa La Movida. Wanamuziki, wachoraji, wapiga picha na watengeneza filamu walikutana usiku wakafanya kazi mchana, au kinyume chake. Pedro Almodóvar, aliyekuwa karani katika kampuni ya simu, alitoa filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1980. Miaka 20 baadaye alipokea tuzo ya Oscar.

Jambo la pekee ni kwamba vuguvugu hilo halikupigwa vita na halmashauri ya mji. Meya aliyechaguliwa mwaka 1979, Enrique Tierno Galván, alikuwa profesa mzee wa Kisoshalisti mwenye suti na miwani, lakini aliwaelewa vijana na kuwapa nafasi. Alipofariki Januari 1986, umati mkubwa ulijaa barabarani kumsindikiza.

Hata hivyo, ni kosa kuusimulia wakati huo kama sherehe tupu. Heroini iliingia Madrid pamoja na uhuru, na miaka ya 1980 iliwachukua vijana wengi, ama kwa dawa zenyewe ama kwa UKIMWI ulioenezwa na sindano walizochangia. Katika vitongoji vya wafanyakazi, akina mama waliandamana wakidai watoto wao waokolewe. Wale wanaoikumbuka La Movida kwa furaha, mara nyingi wana orodha ya marafiki waliozikwa kabla ya kufika miaka 30.

Chueca na Lavapiés: Mitaa ya waliotengwa

Mtaa wa Chueca unapakana na Malasaña upande wa mashariki. Katika miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa umechakaa, na kodi zake zilikuwa nafuu. Wapenzi wa jinsia moja, ambao chini ya Franco walikuwa wakikamatwa kwa sheria maalumu, walihamia hapo wakafungua baa, maduka ya vitabu na mikahawa. Mwaka 2005 Hispania iliruhusu ndoa za jinsia moja, na sherehe zao za kila mwaka zinazofanyika kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai zimekuwa miongoni mwa kubwa kabisa barani Ulaya. Mtaa uliokuwa wa watu maskini sasa una kodi za juu, na baadhi ya walioufufua hawamudu tena kuishi humo.

Kusini, kwenye mteremko kutoka katikati ya mji, kuna Lavapiés. Huu ni mtaa wa wahamiaji: Wamorocco, Wasenegal, Wabangladesh, Wachina na wengineo wanaishi kando ya Wahispania wazee na wasanii vijana. Baa zake ni za bei nafuu kuliko za Huertas, na migahawa ya Kisenegal na ya Kibangladesh imepanga meza njiani. Mwafrika anayetembelea Madrid hujisikia nyumbani hapa kuliko popote.

Lakini Lavapiés pia hukumbusha kwamba usiku wa starehe wa mmoja ni usiku wa kazi wa mwingine. Vijana wengi wa Afrika Magharibi hutandika mashuka barabarani katika Gran Vía na Sol wakiuza mikoba na miwani. Huitwa "manteros", yaani watu wa mashuka, na kila shuka lina kamba kwenye pembe zake ili bidhaa zikusanywe kwa mvuto mmoja polisi wakitokea. Machi 2018 Msenegal mmoja aliyefanya biashara hiyo, mwenye umri wa miaka 35, alifariki ghafla kwa moyo kusimama katika mtaa wa Lavapiés. Kifo chake kilizua maandamano na mapambano na polisi kwa siku kadhaa, na wenzake wakadai vibali vya kuishi na kufanya kazi kihalali.

Vita vya usingizi

Nyuma ya kila baa kuna dirisha la chumba cha mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini. Katika mitaa ya katikati ya Madrid, baa huwa chini ya jengo na wakazi juu yake, hivyo mgogoro umejengwa ndani ya nyumba zenyewe.

Kelele za kwanza kulalamikiwa sana zilikuwa za "botellón". Vijana wasiomudu bei za baa walinunua chupa madukani, wakakusanyika viwanjani, hasa Dos de Mayo, wakinywa hadi alfajiri na kuacha vioo na mikojo. Mwaka 2002 mkoa wa Madrid ulipiga marufuku unywaji wa pombe barabarani nje ya meza zilizoidhinishwa, na umri wa chini wa kuuziwa pombe ukawekwa kuwa miaka 18. Desturi hiyo ilipungua, lakini haikufa.

Kisha ikaja sheria ya tumbaku. Mwaka 2006 uvutaji sigara uliwekewa mipaka katika baa, na Januari 2011 ukapigwa marufuku kabisa ndani yake. Afya ya wahudumu ilinufaika. Lakini wavutaji walitoka mlangoni pamoja na mazungumzo yao, na kelele iliyokuwa imefungiwa ndani ikahamia chini ya madirisha ya majirani.

Mwaka 2012 halmashauri ilitangaza wilaya ya Centro kuwa eneo la ulinzi maalumu dhidi ya kelele. Utaratibu wake ni huu: vipimo vya sauti huchukuliwa usiku, na barabara ambazo kelele imepita kiwango huwekewa masharti makali zaidi. Leseni mpya za baa huzuiwa au hupewa masharti ya umbali kutoka baa nyingine, na saa za meza za nje hupunguzwa.

Janga la korona lilivuruga mizani hiyo. Machi 2020 baa zote zilifungwa, na kwa mara ya kwanza wakazi wa Malasaña walisikia ndege usiku. Casa Patas, moja ya kumbi mashuhuri za flamenco, ilitangaza mwaka huo huo kwamba haitafunguliwa tena. Ili kuziokoa zilizobaki, halmashauri iliruhusu meza kuwekwa hata kwenye maegesho ya magari. Wenye baa walisema hatua hiyo iliokoa ajira zao, huku vyama vya wakazi vikijibu kwamba dharura iligeuzwa kuwa mazoea na barabara ya umma ikawa chumba cha biashara ya watu binafsi.

Mgogoro ulifika hata kwenye uwanja unaojulikana zaidi na wasomaji wetu. Baada ya ukarabati mkubwa, Santiago Bernabéu ulianza kutumika kwa matamasha ya muziki, na mwaka 2024 nyota wa dunia walitumbuiza humo. Wakazi wa jirani waliweka vipimo vya sauti madirishani na kwenda mahakamani. Septemba 2024 Real Madrid ilisitisha matamasha yaliyokuwa yamepangwa. Klabu iliyozoea kushinda Ulaya ilikuwa imesimamishwa na watu waliotaka kulala.

Milango ya dharura

Kuna deni jingine la usiku, zito kuliko usingizi. Desemba 17, 1983, moto ulizuka katika disko ya Alcalá 20, iliyokuwa chini ya ardhi katikati ya Madrid. Zaidi ya watu 80 walikufa, wengi kwa moshi, na kesi zilizofuata zilianika kasoro za usalama na za ukaguzi. Karibu miaka 30 baadaye, usiku wa kuamkia Novemba 1, 2012, wasichana watano waliumizwa vibaya katika msongamano kwenye njia ya ndani ya ukumbi wa Madrid Arena, mali ya halmashauri, na wote wakapoteza maisha. Ukumbi ulikuwa umeingiza watu wengi kupita uwezo wake, na mwaka 2016 mwandaaji alihukumiwa kifungo. Oktoba 2023, katika mji wa Murcia, watu 13 waliungua katika kumbi ambazo zilikuwa zimeamriwa zifungwe.

Masomo ya misiba hiyo hayahusu Hispania peke yake. Ukumbi ulio chini ya ardhi, mlango mmoja mwembamba, umati uliozidi tiketi na mkaguzi asiyerudi kuhakikisha amri yake imetiiwa ni mambo yanayoweza kupatikana katika mji wowote, ikiwamo miji yetu. Mtu anayeingia ukumbini na kuona njia ya kutokea imezibwa na kreti za bia hana sababu ya kungoja wimbo wa pili.

Kwa anayesafiri

Msafiri wa Kenya, Tanzania au Uganda huhitaji viza ya Schengen kuingia Hispania. Treni za chini ya ardhi, zilizozinduliwa mwaka 1919, ndizo njia rahisi ya kuzunguka. Kwa miaka mingi zimekuwa zikisimama karibu saa saba na nusu usiku na kuanza tena saa kumi na mbili asubuhi, hivyo ni vema kuangalia ratiba ya siku husika. Baada ya hapo kuna mabasi ya usiku yaitwayo "búhos", yaani bundi, ambayo mengi huondokea uwanja wa Cibeles. Hiyo ndiyo chemchemi ambako mashabiki wa Real Madrid husherehekea mataji yao; wa Atlético huenda kwa Neptuno, umbali mfupi kutoka hapo. Teksi halali ni nyeupe zenye mstari mwekundu wa kimshazari, na taa ya kijani juu yake humaanisha haina abiria.

Asiyekunywa pombe hana sababu ya kukaa hotelini. Bia zisizo na kileo hupatikana karibu kila baa na hakuna anayeshangaa ukiagiza. "Mosto" ni maji ya zabibu yasiyochachushwa. Tahadhari ni kwa "clara", ambayo huonekana kama soda ya limau lakini ndani yake mna bia. Wasiokula nguruwe wajue kwamba paja la nguruwe lililokaushwa, "jamón", huingia hata katika vitafunwa na supu ambazo hazikutajwa kuwa na nyama. Uliza kwanza. Lavapiés ina migahawa kadhaa ya chakula halali.

Vibaka hupenda Sol, El Rastro na treni zilizojaa. Acha pasipoti mahali salama na utembee na nakala, usitundike mkoba nyuma ya kiti, wala usiweke simu juu ya meza ya nje. Glasi yako iwe machoni pako. Namba ya dharura ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa ni 112.

Na jambo la mwisho, ambalo wenyeji wangependa kila mgeni alijue: ukitoka baa saa nane usiku, mkiwa kundi, punguzeni sauti. Juu yenu, ghorofa ya pili, yupo mhudumu wa baa nyingine ambaye ndiyo kwanza amerudi kazini, na dereva wa basi anayeamka saa kumi na moja kuwapeleka wenzake makazini. Usiku wa Madrid umedumu kwa sababu baa, wateja na majirani walikubali kuugawana. Siku majirani watakapohama wote, kitakachobaki kitakuwa ni barabara ya hoteli na vikaratasi vya kinywaji cha bure, na hapatakuwa na mwenyeji wa kumwuliza mgeni anywe nini.